Kuonja Ugoro wa Bibi

Ilianza Jumatano ya pili ya mwezi wa tatu, saa nane na dakika kumi mchana. Dakika nazikumbuka kwa sababu nilikuwa naikazia macho saa ya ukutani katika ofisi ya walimu ili nisimtazame madam usoni.

"Afisa wa afya hatafika," alisema. "Lori la kabichi limelala pale konani, hakuna gari linalopanda wala linaloshuka. Kidato cha kwanza wanakusubiri."

"Wananisubiri mimi, madam?"

"Kwani katibu wa klabu ya afya ni nani?"

Katibu nilikuwa mimi kweli. Nilikubali ukatibu nikiwa kidato cha pili kwa sababu katibu anaandika, haongei. Mwenyekiti wetu ndiye alikuwa mtu wa maneno, lakini alihamia Dumila na wazazi wake mwezi wa kwanza na hakuna aliyekumbuka kuchagua mwingine.

Madam alinipa bango lililoviringishwa na vipande vitatu vya chaki. "Aina za dawa za kulevya na madhara yake. Una vipindi viwili. Maelezo yote ya semina uliyanakili mwenyewe, nimeuona mwandiko wako. Sauti itoe nje, usiibakishe kifuani."

Niliitikia ndiyo madam, kifuani.

Kulikuwa na jambo ambalo madam hakulijua. Darasa lile lina mdogo wangu, wa tumbo moja, ana miaka kumi na mitatu. Na mdogo wangu alikuwa anatembea na ugoro kwenye ncha ya leso.

Tunalala kitanda kimoja, kwa hiyo nilianza kuunusa kwenye pumzi yake hata usiku tangu mwezi wa pili. Halafu nikaona anaamka anatafuta leso kabla ya kutafuta viatu. Jumapili moja alitoka kanisani mara mbili, akasema anakwenda haja ndogo, na nilipotoka baadaye nikakuta mate ya kahawia nyuma ya choo. Sikumwambia mama, ambaye Jumanne hushuka mjini na mboga na kurudi Ijumaa. Sikumwambia mtu yeyote. Ningeanza kusema, ingebidi nianze na habari zangu mimi.

Sisi tunakaa kwa bibi mzaa mama, upande wa juu wa Mgeta, nyumba iliyo juu ya matuta ya karoti. Bibi anatumia ugoro tangu kabla mama hajazaliwa. Tumbaku kavu inasagwa juu ya jiwe, inachanganywa na magadi, inatiwa kwenye kikopo chake cha bati. Vidole vya bibi vimepinda, haviwezi tena jiwe, kwa hiyo kusaga ni kazi ya mjukuu wa kike. Na mjukuu akishasaga haleti tu. Anapiga magoti, anachukua kidogo, anaweka chini ya mdomo mbele ya bibi, ndipo anakabidhi kikopo kwa mikono miwili. Ndiyo heshima. Ukimpa mkubwa kitu cha kuingia mdomoni bila kukionja, ni kama unamwambia kina kitu ndani yake.

Nilianza kusaga nikiwa na miaka tisa. Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya banda la mbuzi, bibi akacheka mpaka machozi. Nilipofika darasa la saba nilikuwa naonja hata pale ambapo bibi hayupo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoingia darasani na bango kwapani.

Walisimama wote. "Shikamoo madam," mmoja wa nyuma alisema kwa sauti nzito ya kuigiza, na darasa likacheka. Nilisema marahaba kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, nikageuka ubaoni haraka ili wasiuone uso wangu. Kubandika bango kulinichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Picha za bango zilikuwa za vijana wa mjini wamekaa chini ya daraja. Mmoja ana sindano, mmoja ana msokoto, mwingine amefunika pua na mfuko.

"Huyu wa mwisho amefanana na utingo wa lori la karoti," alisema msichana mmoja wa dawati la mbele, na jirani yake akamjibu, "Utingo anaoga lakini."

Nilisoma. Sitadanganya, nilisoma tu, macho kwenye daftari. Nikasema bangi inachezea kumbukumbu na umakini, na kuna wanaorukwa na akili kwa ajili yake, na hakuna anayejua mapema kama ni yeye. Mirungi inafukuza usingizi na njaa, halafu mtu anadaiwa vyote viwili kwa mpigo. Gundi na petroli za kunusa zinaweza kusimamisha moyo hata mara ya kwanza, haihitajiki mara ya pili. Unga unamfanya mtu asahau kuvuta pumzi, na sindano ya kushirikiana inaleta magonjwa mengine juu yake. Dawa za maumivu na za kikohozi zikinywewa bila daktari nazo ni hizo hizo, hata kama zimenunuliwa dukani kwa halali. Gongo inaweza kumpofusha mtu.

Waliandika. Wengine walichora. Nilipotaja unga, mvulana wa dirishani aliuliza, "Dada, unga huo huku Mgeta nani anao? Sisi unga wetu wa dona." Wakacheka tena, na mimi nikacheka kidogo, nikaona kumbe kufundisha si kugumu sana kama kila kitu kiko mbali.

Ndipo yule msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Dada, na ugoro je? Mbona hapo haupo?"

Sikumtazama mdogo wangu, ila nilijua alipokaa, dawati la tatu upande wa ukutani, na nilijua ameinamisha kichwa.

Nilitazama bango kama vile sijui kilichomo. Kweli ugoro haukuwemo. Nikasema, "Ugoro ni kitu cha wazee. Si dawa za kulevya. Tuendelee."

"Basi freshi," alisema mtu.

Hapo ndipo nilipomtazama. Mdogo wangu alikuwa ameinua kichwa, anatabasamu. Tabasamu la mtu aliyetuliwa mzigo. Alinitabasamia mimi, dada yake, kwamba asante.

Nikafungua mdomo niendelee na pombe, na mvua ikaanguka.

Anayejua mvua za huku mwezi wa tatu kwenye bati lisilo na dari anajua kwamba hapo somo limekwisha. Hata mwalimu wa fizikia mwenye sauti ya jeshi huweka chaki chini na kusubiri. Nilibaki nimesimama mbele yao, mikono haina kazi, na hakuna neno linaloweza kusikika. Wengine walilala juu ya madawati. Wawili walianza kuchezea vifuniko vya kalamu. Kwa mtu kama mimi ilikuwa nafuu kubwa. Watu wote wananiona na hakuna anayetegemea niseme kitu.

Katika kelele ile mdogo wangu alitoa leso. Hakujificha sana. Alifungua ncha, akachukua kidogo kwa vidole viwili, akainamisha uso, akaweka chini ya mdomo. Akafunga leso vizuri, akaegemea ukuta, akafumba macho. Jirani yake alimgusa bega, akanyoosha kiganja chini ya dawati, naye akamgawia.

Alifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimemwambia inaruhusiwa, mbele ya darasa zima, nimesimama mahali pa mwalimu.

Mvua ilipiga kama dakika ishirini. Katika dakika hizo nilikumbuka likizo niliyokwenda kwa mama mdogo, Mazimbu, anakopika chakula cha kuuza karibu na chuo. Sikubeba ugoro kwa sababu niliona aibu. Siku ya pili kichwa kilinibana kama nimevaa kofia ya chuma. Nilimfokea mtoto wa mama mdogo kwa ajili ya kijiko. Mama mdogo alidhani ni malaria, akanipeleka kupima, wakakuta hakuna kitu. Siku ya tano nikaamka na njaa ya kawaida na hasira zimekwisha, ndipo nikaelewa nilikuwa naumwa nini. Niliporudi nyumbani nilimwambia bibi kwamba masomo ya sekondari yamezidi, siwezi tena kusaga. Bibi akauliza, basi nani. Nikamnyooshea kidole mdogo wangu. Nikampeleka kwenye jiwe mwenyewe, nikamwonyesha namna ya kushika, na namna ya kuonja.

Mvua ilipopungua, maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye mfereji. Nilichukua chaki. Niliandika UGORO juu kabisa ya orodha, juu ya bangi, mahali palipokuwa na nafasi ndogo.

"Nimewadanganya," nilisema.

"Sauti," akasema mvulana wa dirishani, na safari hii hakuwa anatania.

"Nimewadanganya. Ugoro ni tumbaku. Ndani ya tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini, na hicho kinashika mtu kama vinavyoshika hivi vingine, na kinamshika mtoto haraka kuliko mtu mzima. Magadi yanaufanya upande haraka zaidi. Fizi zinarudi nyuma, mdomo unapata vidonda, na kuna wanaopata saratani ya kinywa. Nimesema ni kitu cha wazee kwa sababu mimi mwenyewe nilikitumia nikiwa mdogo kuliko ninyi, na niliogopa kusema."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Nikawaeleza jiwe, na kupiga magoti, na banda la mbuzi. Nikawaeleza kofia ya chuma ya Mazimbu. Mdogo wangu sikumtaja. Halafu nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye daftari. Nani hapa anamsagia mtu, au anamwashia mtu, au anamwonjea mtu?

Mikono haikupanda. Nikasubiri. Kunyamaza ninakuweza kuliko watu wengi, nikaona nikutumie.

Wa kwanza alikuwa yule wa sauti nzito. "Mimi namwashia babu sigara jikoni. Nisipovuta mbili za kwanza inazima kabla sijamfikishia."

"Mbili tu?" aliuliza jirani yake.

"Siku za baridi tatu."

Wakacheka, na kicheko kile kikafungua milango. Msichana wa mbele alisema yeye huonja pombe ya mama yake kujua kama imeiva, kikombe cha chai, kila Ijumaa. Mwingine humsokotea baba yake tumbaku. Mwingine huenda kununua kuberi, tumbaku ya pakiti, ya kaka yake na analipwa kwa kutafunishwa. Nilihesabu mikono, nikaacha kuhesabu. Hakuna hata mmoja aliyeanzia chini ya daraja. Wote walikuwa wametumwa.

"Sasa dada," aliuliza yule wa sauti nzito, "babu namkatalia vipi? Nimwambie babu, jiwashie?"

Nilimwambia sijui, lakini kesho nitakuwa nimejua, kwa sababu leo nakwenda kujaribu kwetu. Maneno yalitoka kabla sijayapima. Kengele ikalia.

Mdogo wangu hakunisubiri. Nilimkimbilia kwenye njia ya kupanda, inayoteleza kwa tope, viatu mkononi.

"Umenianika," alisema bila kugeuka.

"Sijakutaja."

"Kila mtu anajua nyumbani tuko wasichana wangapi. Ukisema uliacha kusaga, wanauliza sasa anasaga nani. Wewe una akili za darasani tu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimwomba radhi. Aliendelea kupanda.

"Na wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ndiyo."

"Ulinishika mkono kabisa."

"Ndiyo. Nilikushika."

Alisimama pale kwenye jiwe la kupumzikia wenye mizigo. Alikuwa analia kwa hasira, anafuta uso kwa leso ile ile, unga wa ugoro ukamwingia jichoni akalia zaidi. Akasema, "Siwezi kuacha. Jumamosi nilijaribu mpaka saa nane, kichwa kikataka kupasuka."

"Najua. Siku nne hivi, ya tano nafuu. Mimi nitakuwa nawe hizo siku zote."

"Na jiwe je? Nitasagaje bila kuonja?"

"Jiwe niachie."

Tulimkuta bibi amekaa jikoni kwenye kigoda, anamenya njegere. Tukamwamkia. Jua lilikuwa halijazama. Nilimtuma mdogo wangu maji ili nibaki naye peke yangu, nikachuchumaa.

"Bibi, nina neno."

"Mke mwenzangu ana neno," alisema bibi. Tangu nikiwa mdogo ananitania kwamba mimi ni mke mwenzake kwa babu. "Umepata mume mwingine, unaniachia mzee peke yangu? Mzee mwenyewe yuko kaburini, hana gharama."

Kawaida ningecheka na neno langu ningelimeza. Nikasema, "Mdogo wangu hatasaga tena ugoro. Wala hataonja."

Mikono yake iliendelea na njegere. "Anaumwa?"

"Ugoro umemshika, bibi. Anauweka hata darasani. Na mimi ulinishika zamani. Sikukwambia."

"Ugoro haujaua mtu. Mimi niko hapa."

"Meno yako ya chini yako wapi, bibi?"

Nilishtuka mwenyewe kwa nilivyosema. Bibi alinitazama, kisha akacheka, kifupi. "Ona ulimi huo. Wamekufundisha shule."

"Sisemi uache. Nasema sisi tusionje."

Hapo kicheko kilikwisha. Aliweka sinia chini. "Kwaresima hii nimeacha nyama. Chai nakunywa bila sukari. Sasa unataka niletewe kitu hakijaonjwa, kama nyumba yenye watu wanaoogopana. Mama yangu nilimwonjea mpaka siku anakufa. Mnanishuku nini?"

"Hatukushuku."

"Basi?"

"Basi mtoto ana miaka kumi na mitatu."

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake, na chakula kilipoiva alisema ameshiba. Mdogo wangu alinitazama juu ya sahani kama mtu anayesubiri niseme nimeshindwa. Sikusema. Nilimwomba leso, akanipa. Niliitia kwenye moto wa jiko mbele yake, yote na fundo lake. Alijua na mimi nilijua kwamba hiyo ndiyo sehemu nyepesi.

Asubuhi niliamka saa kumi na moja. Nilijifunga kanga puani mara mbili, kwa sababu najijua, harufu ile bado inaniita jina. Nikakaa kwenye jiwe, nikasaga mwenyewe kazi niliyokuwa nimeikimbia miaka miwili, nikatia magadi kwa kukadiria, nikajaza kikopo. Nikanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko.

Bibi alikuwa ameshakaa kitandani. Nilipiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Nilitoa kikopo kwa mikono miwili. Hakukipokea. Alikuwa anasubiri kidole changu. Magoti yalianza kuuma kwenye udongo baridi. Nikasema, "Sijaonja, bibi. Nimesaga mimi, nitasaga kila siku, lakini sitaonja, na mdogo wangu hatakigusa kikopo hiki. Ukitaka tukae hivi mpaka kengele ya shule, tutakaa."

Tulikaa. Nilisikia mdogo wangu anapiga mswaki nje, kisha akaacha kupiga mswaki ili asikilize.

Bibi alinyoosha mkono wake uliopinda, akakichukua. Akafungua, akanusa, akaweka chini ya mdomo wake mwenyewe, akafumba macho kidogo.

"Magadi yamezidi," alisema.

"Kesho nitapunguza."

"Utajuaje, na hutaki kuonja?"

"Utaniambia wewe."

Alinung'unika kitu kwa Kiluguru ambacho sikukisikia vizuri, na hakukirudia. Alitia kikopo chini ya mto wake, mahali ambapo hakijawahi kukaa.

Nilitoka, nikang'oa karoti sita kwenye tuta la juu, nikaziosha kwenye ndoo. Tatu nikatia mfukoni mwangu, tatu nikampa mdogo wangu, mdomo upate kazi. Tulishuka kwenda shule akitafuna kwa hasira, kichwa kikiwa tayari kinamuuma. Darajani alinyoosha kiganja bila kunitazama, nikampa nyingine. Shuleni nilikwenda moja kwa moja dirishani kwa kidato cha kwanza, nikamwita yule wa sauti nzito, nikamwambia nimejua babu anakataliwaje.